Siku moja Bologna na mama: msibadilishe tiketi

Swali: Mimi naishi Milan, na mama yangu anakuja kunitembelea kutoka Tanga mwezi Novemba. Nimeshakata tiketi za treni za kwenda Bologna, Jumamosi moja. Tunafika saa tatu na nusu asubuhi na kurudi saa moja na nusu usiku. Mama ana miaka 66. Anatembea vizuri ila polepole, na goti humsumbua kwenye ngazi. Nguruwe hatuli. Sasa rafiki zangu wananiambia Bologna hakuna cha kuona, bora Venice au Florence. Nibadilishe? Na tukienda, tutembeeje?

Jibu: Dada yangu, msibadilishe. Marafiki zako wana haki kidogo tu: Bologna haina kile kitu kimoja ambacho kila mtu amekiona kwenye kalenda. Lakini tuangalie safari yenu jinsi ilivyo, yaani mama mwenye goti, mwezi wa mvua na ukungu, siku moja. Venice ni mji wa madaraja, na kila daraja lina ngazi za kupanda na za kushuka; isitoshe Novemba ndio msimu ambao maji ya bahari hupanda mpaka vichochoroni. Florence ni nzuri, hakuna ubishi, ila kwa treni ni mbali zaidi kutoka Milan, na nusu ya siku mtaimaliza kwenye foleni. Bologna katikati yake ni karibu tambarare, mambo yake yamekaa jirani jirani, na mvua ikinyesha mtatembea sehemu kubwa ya siku bila kufungua mwavuli.

Hilo la mwavuli nalisema kwa uzito, kwa sababu ndilo linaloufanya mji huu uwe wa watu wa miguu. Wenyewe wanaziita portici, mimi nitaziita varanda: njia inayopita chini ya ghorofa za nyumba, upande mmoja milango na maduka, upande wa pili nguzo na barabara. Ukiziunganisha zote mjini zinafika kilomita 62, na mwaka 2021 UNESCO ilizitia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mtu wa pwani akiziona mara ya kwanza hukumbuka baraza, ila baraza ni ya kukaa na hizi ni za kupita.

Zilianza kwa shida ya nyumba. Chuo kikuu cha Bologna kinahesabiwa kuanzia mwaka 1088, na kadiri wanafunzi walivyomiminika kutoka kila pembe ya Ulaya, vyumba vya kupanga vikawa adimu. Wenye nyumba wakaanza kusogeza vyumba vya juu vining'inie juu ya barabara, halafu wakavitegemeza kwa magogo ili visianguke. Serikali ya mji ingeweza kuwabomolea. Badala yake, mwaka 1288 ikatoa amri kwamba anayejenga nyumba lazima aweke varanda, aitunze kwa pesa yake, na wapita njia wote waitumie. Urefu wake usipungue futi saba za Bologna, kama mita 2.66, mtu apite akiwa amepanda farasi. Mpaka leo sehemu kubwa ya varanda hizo ni mali ya mwenye jengo, lakini hawezi kukuzuia kupita.

Onyo moja hapo. Sakafu nyingi za varanda zimesuguliwa mpaka zinang'aa, na siku ya mvua viatu na miavuli ya watu huzilowanisha zikateleza. Mama avae raba zenye soli ya kushika. Viatu vya ngozi abaki navyo Milan.

Sasa safari yenyewe. Kama treni yenu ni ya mwendo kasi, itasimama chini ya ardhi, kwenye majukwaa ya 16 hadi 19. Kutoka huko mpaka juani ni ngazi za umeme kadhaa, na lifti zipo, kwa hiyo msifuate mkondo wa watu wanaokimbia; tafuteni lifti. Mkishafika juu, kabla hamjaondoka, nendeni bawa la magharibi la jengo la stesheni. Kuna saa ukutani iliyosimama saa nne na dakika ishirini na tano. Ndio muda ambao bomu lililotegwa na mafashisti lililipuka ndani ya chumba cha kusubiria, tarehe 2 Agosti 1980, siku ambayo watu walikuwa wanakwenda likizo. Walikufa 85, na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Marehemu mdogo kuliko wote alikuwa na miaka mitatu. Chumba kile bado kinatumika: watu wanakaa na masanduku yao, na ukutani kuna pengo lililoachwa makusudi pamoja na ubao wa majina na umri wa kila mmoja. Dakika tano zinatosha. Wanaoukimbilia uwanja mkuu moja kwa moja huwa hawaelewi kwa nini watu wa Bologna wanaitaja tarehe hiyo kila mara.

Kutoka hapo ni Via dell'Indipendenza moja kwa moja mpaka katikati, kama kilomita moja na nusu, varanda karibu mwanzo hadi mwisho. Jumamosi na Jumapili sehemu ya mtaa huo ya kuelekea katikati hufungwa kwa magari. Kazi ya kujenga reli ya tramu imekuwa ikichimbua baadhi ya mitaa tangu 2023, kwa hiyo mkikuta uzio msishangae, shikeni varanda tu. Njiani kateni kushoto Via Righi mpaka Via Piella. Kuna kidirisha ukutani. Ukikifungua unaona mfereji wa maji uliobanwa katikati ya nyumba. Picha inapigwa, sawa, lakini muelezee mama kwamba maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakizungusha vinu vya hariri vilivyoutajirisha mji huu kwa karne kadhaa. Mifereji mingi imefunikwa kwa barabara, na hapa ni miongoni mwa mahali pachache ilipoachwa wazi. Wakati mwingine huikausha kwa ukarabati. Mkiukuta matope, endeleeni na safari.

Piazza Maggiore mtafika kama saa nne na nusu, mkinywa kahawa njiani. Chemchemi ya Neptuni, mungu wa bahari wa Warumi, kazi ya mchongaji Giambologna, iko pembeni, na ule mkuki wake wa vidole vitatu ndio Maserati, kampuni ya magari iliyozaliwa mji huu mwaka 1914, waliouchukua kuwa nembo. Kuna vitu viwili ambavyo wageni wengi huvipita. Cha kwanza kiko kwenye ukuta wa Palazzo d'Accursio, jengo la manispaa: vipimo vya zamani vya mji vimechongwa kwenye jiwe, futi, mkono, tofali, kigae cha paa. Aliyeuziwa tofali dogo sokoni alikuja nalo hapa kulipima mbele ya watu. Mama apime kiganja chake kwenye ile futi, ina sentimita 38, ndipo mtaelewa farasi alipitaje chini ya futi saba. Cha pili ni kuba lililo chini ya Palazzo del Podestà, ng'ambo ya uwanja. Mama asimame kona moja akiangalia ukuta, wewe nenda kona ya kukabiliana naye kwa mshazari, umnong'oneze. Atakusikia kama uko begani kwake, watu wakipita katikati yenu wasisikie kitu.

Halafu Archiginnasio, jengo la chuo kikuu la mwaka 1563, hatua chache chini ya varanda ya Pavaglione. Ua wake ni bure, na kuta zimejaa ngao za wanafunzi wa zamani, maelfu, kila mmoja na ukoo na mji wake. Ghorofani kuna ukumbi wa mbao wa 1637 walimokuwa wakipasua maiti mbele ya wanafunzi, meza ya marumaru katikati na sanamu mbili za watu waliochunwa ngozi zikibeba paa la kiti cha mwalimu. Bomu la vita liliubomoa Januari 1944, wakaokota vipande kifusini na kuujenga upya. Unalipiwa kidogo. Goti likikataa ngazi, ua peke yake unatosha, wala hamtakuwa mmekosa siku.

Kitu ambacho nataka mkipangie saa ni kanisa la San Petronio, lile kubwa linalotazama uwanja. Nje utaona ajabu: nusu ya chini marumaru nyeupe na ya waridi, nusu ya juu matofali matupu. Lilianzwa 1390 na uso wake haukumalizwa. Muwe ndani kabla ya saa sita mchana. Ukiingia, upande wa kushoto, sakafuni kuna mstari wa shaba uliozungukwa na marumaru, urefu wake karibu mita 67. Mwanafalaki Cassini aliuweka mwaka 1655. Juu kabisa kwenye dari kuna tundu dogo, mita 27 kutoka sakafuni, na jua likipita hapo huangusha doa la mwanga chini. Doa linatambaa polepole sakafuni, na linapoukata mstari, ndiyo adhuhuri ya kweli ya Bologna.

Kwa bahati yenu Novemba adhuhuri hiyo inaangukia karibu kabisa na saa sita ya saa ya mkononi. Watalii wa Julai hulazimika kusubiri mpaka kama saa saba na dakika ishirini. Tena wakati wa baridi jua liko chini, doa linaangukia mbali na tundu na kuvutika likawa refu kama yai, kubwa, rahisi kuliona. Kando ya mstari zimechongwa buruji za falaki, na mwezi wenu huo doa litakuwa maeneo ya Akrabu au Kausi. Cassini hakuweka mstari kwa ajili ya kujua saa. Alipima upana wa doa miezi yote, akaona ukubwa wa jua unabadilika sawasawa na mwanafalaki Kepler alivyosema kuhusu mwendo wa sayari. Kanisa likawa chombo cha kupimia mbingu, katika nchi ambayo miaka 22 kabla yake Galileo alihukumiwa na Kanisa kwa mambo ya namna hiyo hiyo. Ikiwa kuna ukungu hamtaona doa. Hilo siwezi kuwasaidia.

Kwa kuwa hamli nguruwe nadhani ni Waislamu, kwa hiyo nakwambia mapema: moja ya kapela za pembeni ina mchoro wa Jehanamu wa karne ya 15 unaomdhalilisha Mtume. Iko nyuma ya kizuizi na ina tiketi yake. Hamlazimiki kuikaribia, na mstari wa jua hauko ndani yake. Ulinzi wa kanisa hili ni mkali kuliko mengine na mabegi makubwa hayaruhusiwi. Mtandio wa mama hauna shida yoyote.

Chakula. Hapa ndipo nahitaji usome kwa makini, kwa sababu Bologna ni mji wa nguruwe. Mortadella, ile soseji nene ya nguruwe, imetokea hapa, hiyo unaijua. Ambayo watu hawaijui ni tortellini, vile vifuko vidogo vya tambi vilivyofungwa kama kitovu na kuletwa kwenye supu. Mhudumu atakwambia supu ni ya kuku na ng'ombe, na ni kweli, lakini ndani ya tortellini kuna nyama ya nguruwe, na prosciutto (paja la nguruwe lililokaushwa), na mortadella yenyewe. Ragù, ule mchuzi wa nyama wa tagliatelle (tambi pana), watu huudhania ni ng'ombe mtupu. Mapishi rasmi yaliyowekwa kwenye chemba ya biashara ya Bologna mwaka 1982 yana pancetta, nayo ni nguruwe. Crescentine, maandazi yao ya chumvi, mara nyingi hukandwa au kukaangwa kwa strutto, yaani mafuta ya nguruwe. Piadina, mkate wao bapa, vilevile, isipokuwa imeandikwa "all'olio", yaani kwa mafuta ya mimea.

Mle nini basi? Tortelloni. Angalia herufi ile "o", kwa maana ni kitu tofauti na tortellini: vikubwa, vimejazwa jibini laini ya ricotta na majani, vinamiminiwa siagi na salvia, majani ya kunukia. Au tagliatelle za uyoga, Novemba ni msimu wake. Ukiagiza sema "senza maiale, senza strutto", bila nguruwe na bila mafuta yake, na usione haya kuuliza mara mbili. Kama mnajali hata jibini, mjue Parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama. Wengine wanaila, wengine hawaili, hilo ni lenu na mama. Kaeni mezani saa sita na nusu, jiko likifunguliwa. Mkichelewa Jumamosi mtasimama nje kwenye vichochoro vya soko, Via Pescherie Vecchie na Via Drapperie, mkinusa vya wenzenu. Vichochoro hivyo vipitieni hata kama hamnunui: samaki, uyoga, matunda yamepangwa mpaka mlangoni, na wauzaji hawana subira.

Mkishiba, hatua chache tu, Via Clavature, ingieni Santa Maria della Vita. Tiketi mtalipa, na mkilipia kimoja tu siku nzima, kiwe hiki. Ndani kuna sanamu saba za udongo wa kuchoma, ukubwa wa watu, za Niccolò dell'Arca, za karne ya 15. Yesu amelala amekufa, na jamaa zake wamemzunguka. Mwanamume mmoja amepiga goti, nyundo iko naye bado, anakutazama wewe. Mwanamke mmoja amenyoosha viganja mbele kama anayezuia asione. Na kule mwisho kulia Maria Magdalena anaingia mbio, kinywa wazi, nguo na mtandio vimepeperuka nyuma yake kwa kasi. Tunajua wafu wa kwenye sanamu za makanisa: wapole, macho juu. Hawa wanalia kilio cha msibani, cha mtu aliyepigiwa simu sasa hivi. Msogelee Magdalena utazame meno na ulimi. Ni udongo, lakini mtu hujikuta amenyamaza.

Minara miwili iliyoinama ni mwendo wa dakika chache kutoka hapo. Asinelli ina mita 97 na ngazi 498, ambazo ninyi hamkuwa mnazipanda hata hivyo. Garisenda ni fupi na imeinama vibaya zaidi. Oktoba 2023 walizungushia uzio eneo lake kwa kuhofia itaanguka, na Asinelli nayo ikafungwa kwa wageni. Tazameni kutoka mbali, pigeni picha, songeni.

Kutoka minarani fuateni Strada Maggiore. Namba 19 ni Casa Isolani, yenye varanda ya karne ya 13 ambayo bado imesimama kwa magogo ya mwaloni, marefu kama mita tisa, jinsi zilivyokuwa zote kabla hazijageuzwa za matofali. Wenyeji watakuonyesha mishale mitatu iliyokwama kwenye mbao za dari na kukusimulia kisa cha mke mzinzi. Kisa kina ladha, ila kila msimulizi ana toleo lake. Gusa gogo lenyewe, utaona linavyokwenda upande kidogo baada ya miaka mia saba ya kubeba nyumba. Kama safari yenu ni baada ya katikati ya Novemba, endeleeni mbele kidogo mpaka varanda pana ya Santa Maria dei Servi. Hapo huwekwa soko la Mtakatifu Lucia, vibanda vya peremende na sanamu za Krismasi, mpaka Desemba 26. Kisha rudini Casa Isolani mpite ndani ya ua wake. Ni njia ya mkato inayotokea moja kwa moja Piazza Santo Stefano.

Santo Stefano ni makanisa yaliyoshikana, moja limejengwa ndani ya ubavu wa jingine, na wenyeji huyaita makanisa saba ingawa sasa ni manne. Hufungwa mchana na kufunguliwa tena alasiri, ndio maana nimewaletea hapa mwisho. Katika ua wa ndani kuna kuta za matofali na mawe yaliyopangwa kwa nyota na miraba, hakuna mstari unaofanana na mwenzake. Mama apumzike pale. Jua Novemba linazama kama saa kumi na moja jioni au kabla, kwa hiyo msifike hapo mkiwa mmechelewa.

Giza likiingia, rudini kwa Via Farini. Kwenye Piazza Cavour mtapita chini ya varanda iliyochorwa dari yote, maua, ndege na viumbe vya ajabu, za karne ya 19, na taa zikiwaka ndipo hupendeza. Msiinue shingo huku mnatembea.

Umesikia bila shaka habari za San Luca, kanisa la kilimani lenye varanda ya peke yake, matao 666 na karibu kilomita nne kutoka lango la mji. Ni kweli ni la aina yake. Lakini kipande cha mwisho ni mlima na ngazi, na goti la mama halitakushukuru. Kipo kitreni cha watalii kinachoondoka Piazza Maggiore kupanda huko. Mkikichukua, itabidi mtoe Santo Stefano au sanamu za udongo, na mimi nisingetoa hata kimoja. San Luca iwe ya kwako siku utakapokuja na wenzako.

Kurudi stesheni chukueni teksi au basi, mama atakuwa amesimama tangu asubuhi. Tiketi itaandika 19:30, ndiyo saa moja na nusu yenu. Muwe ndani ya jengo kufikia saa moja kamili, kwa sababu kushuka mpaka majukwaa ya chini kunachukua muda kuliko mnavyodhani, na ubao wa treni za juu si ule wa treni za chini. Tazameni namba ya jukwaa kwanza: ikiwa kati ya 16 na 19, lifti.